Mtoto mwenye usonji katika Sikukuu ya Mikaeli na Watoto: uchambuzi wa kisa kimoja

Kila mwisho wa Septemba sharika za Kilutheri nchini Tanzania huwakabidhi watoto ibada nzima. Watoto ndio wanaosoma masomo, wanaoimba, wanaokusanya sadaka, na sehemu nyingine mtoto ndiye anayepanda mimbarani. Siku ya kale ya malaika mkuu Mikaeli ni tarehe 29 Septemba, na watoto waliunganishwa nayo kwa sababu ya Injili inayosomwa siku hiyo, Mathayo 18, yenye maneno ya Yesu: “Angalieni msidharau mmojawapo wa wadogo hawa, kwa maana nawaambia ya kwamba malaika wao mbinguni siku zote huutazama uso wa Baba yangu aliye mbinguni.”

Kisa hiki kilianzia katika maandalizi ya sikukuu hiyo, kwenye usharika mmoja wa mjini, kaskazini mwa nchi. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu. Niliitwa na mlezi wa watoto wa usharika ule baada ya mambo kuharibika. Mama wa mtoto ameridhia kisa kiandikwe. Majina nimeyaacha yote.

Mtoto na mazoezi

Alikuwa na miaka 11. Ana usonji (autism), na ana kifafa kinachotulizwa kwa dawa za kila siku. Anasoma katika kitengo cha elimu maalumu kwenye shule ya msingi ya serikali. Maneno yake mwenyewe ni machache. Mengi anayotamka ni ya kurudia. Ukimuuliza “Umekula?” naye atakujibu “Umekula?” Akifurahi hutamka tangazo zima la redio, pamoja na mlio wake wa mwisho. Anachokipenda kuliko vyote ni namba. Akipita stendi husoma namba za magari kwa sauti, na ukimtajia namba yoyote ya wimbo hufungua kitabu cha nyimbo pale pale, ingawa maneno ya wimbo hawezi kuyasoma. Hilo mama alilitaja kwa kupita tu, tulipokuwa tunaongea habari za dawa, nami nililiandika kwa sababu mambo ya namna hiyo hayamo katika barua za hospitali wala ripoti za shule.

Shule ya Jumapili alihudhuria tangu mdogo na hakuna aliyemzuia. Alikaa benchi la nyuma, watoto wamemzoea, siku zikaenda. Mambo yaligeuka mazoezi ya Mikaeli yalipoanza. Sasa Jumamosi walisimama mistari, spika ziliwashwa, na kila wiki mpangilio ulikuwa mwingine. Akaanza kuziba masikio, kurukaruka na kupiga kelele, na Jumamosi moja alichomoka akakimbia mpaka barabarani. Mwalimu wa watoto ni binti anayejitolea, ana watoto zaidi ya 60 na msaidizi mmoja. Aliogopa, na mtu yeyote mwenye akili timamu angeogopa.

Baada ya mazoezi alimwambia mama kwa upole: “Mama, siku ya Mikaeli mkae naye tu kule nyuma, itakuwa rahisi kwako.” Mama akaitikia, “Sawa, mwalimu.” Kuanzia Jumapili iliyofuata alihamia ibada ya kwanza, ya saa moja asubuhi, ambayo haina watoto, na mwanawe akamwacha nyumbani na bibi. Bibi ndiye aliyesimulia yaliyofuata: mtoto alivaa viatu vya kanisani mwenyewe na kusimama getini hadi kengele ya ibada ya pili ilipolia, na Jumapili nyingine tena vivyo hivyo. Bibi akalipeleka suala hilo kwenye jumuiya. “Mzee, huyu mjukuu wangu amebatizwa hapa hapa,” alimwambia mzee wa kanisa wa mtaa wake. “Nani amesema Mikaeli haimhusu?”

Kikao

Nimehudhuria vikao vingi vya shule kuhusu watoto hawa, na maneno yaliyosemwa katika kikao cha wazee wa kanisa kuhusu mtoto huyu niliyatambua yote. Kwamba wazazi wengine watalalamika. Kwamba usalama wake wenyewe utakuwa hatarini. Kwamba zipo shule zao maalumu. Mzee mmoja, kwa nia njema kabisa, akashauri Jumapili itangazwe kanisani watu wamwombee “mtoto wetu mgonjwa”. Mwingine akagusia mapepo, kwa sauti ya chini.

Mchungaji alijibu hilo la mwisho kwa kusoma Yohana 9, pale wanafunzi wanapouliza nani alitenda dhambi, kipofu yule au wazazi wake, na Yesu anakanusha yote mawili. Hakuongeza neno. Mimi niliongeza, kwa kuwa mama alikuwa ameniambia faragha jinsi alivyozungushwa kwenye maombezi ya kila aina mtoto akiwa mdogo, na mahali pamoja akaambiwa aache dawa za kifafa ili aonyeshe imani. Aliacha, na mtoto alianguka usiku. Kwa hiyo niliwaambia wazee nitakalomwambia yeyote: mwombeeni kwa moyo wote, lakini anayemwambia mama aache dawa anamhatarishia mtoto maisha. Na tangazo la “mtoto mgonjwa” lisitolewe. Usonji hauambukizi, hausababishwi na malezi mabaya wala laana, na mtoto hangoji kupona ndipo aanze kumsifu Mungu. Zaidi ya hapo, habari za mwili wa mtoto ni za familia yake. Ikiwa mama anataka zisemwe mbele ya watu, atasema mwenyewe au atamtaja wa kusema.

Hoja ya shule zao ilistahili jibu refu zaidi, maana ina ukweli ndani yake. Makanisa ndiyo yaliyotangulia katika elimu ya watoto wenye ulemavu nchini. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilifunguliwa na Kanisa Anglikana mwaka 1950, kabla hata ya uhuru. Walutheri wana shule ya wasioona Irente, Lushoto, na huko huko Irente wana shule ya Rainbow kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa akili. Wakatoliki wana shule ya viziwi Tabora. Ni heshima kubwa, na mimi mwenyewe ni tunda la walimu waliotoka katika kazi hizo. Lakini mazoea yaliyojengeka ni kwamba mtoto wa namna hii hupelekwa mahali pake, mbali, na usharika humchangia kwa bahasha. Anapobaki nyumbani akasoma shule ya jirani, kama huyu, usharika haujui afanye nini Jumapili. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, na mama anaifahamu. Hakuna mama anayetaka kufika na mchungaji wake mbele ya sheria ili mwanawe aimbe.

Kikao kiliamua mtoto arudi mazoezini na mimi nisaidie kupanga. Zilikuwa zimebaki wiki chache.

Tuliyoyaona tulipotazama

Kwanza niliomba tusipange chochote. Nilikaa pembeni Jumamosi nzima na daftari, kisha nikaomba video za Mikaeli ya mwaka uliotangulia kutoka kwenye simu za wazazi.

Kila mtu alikuwa ameniambia kwamba mtoto hawezi muziki. Haikuwa kweli. Kinanda kilipopigwa alisogea karibu, na sauti za watoto wenzake hazikumsumbua hata kidogo. Alianza kuziba masikio pale fundi mitambo alipojaribu kipaza sauti kikapiga ule mlio mkali. Kwenye video ya mwaka uliopita jibu lilikuwa wazi zaidi. Alikuwa ametulia mapajani mwa bibi hadi ubeti wa pili wa wimbo wa watoto, kina mama walipoachia vigelegele. Kanisa lile lina paa la bati lisilo na dari, sakafu ni ya marumaru, na vigelegele vya akina mama arobaini au hamsini hupanda juu na kurudi vyote kwa pamoja. Papo hapo wazazi wakainuka kwenda mbele kuwatunza watoto, noti mkononi, simu juu zikimulika. Mtoto alianza kulia dakika ile ile.

Wengi wenye usonji husikia sauti kwa ukali ambao sisi hatuupati, na inayowaumiza zaidi ni ile isiyotarajiwa. Wimbo una mwanzo na mwisho, na mtoto aliyeusikia mazoezini anajua kinachofuata. Kigelegele hakina taarifa. Kinatoka popote, wakati wowote, na kwa kuwa ni alama ya furaha, hakuna anayewaza kwamba kinaweza kumuumiza mtu.

Mambo mawili mengine niliyaandika. Watoto husubiri nje kwa muda mrefu kabla ya maandamano ya kuingia, na kusubiri bila kujua mwisho wake humchosha kuliko kuimba. Pia watu wazima wanaopita humshika kichwani kumsalimia, kama tunavyowafanyia watoto wote, naye anachukia kushikwa kichwa.

Katika orodha hiyo yote hapakuwa na ugonjwa wa kutibiwa. Palikuwa na vigelegele, mlio wa kipaza sauti, foleni na mikono ya watu, na vyote hivyo vinapangika.

Jaribio la kwanza

Wazee walitaka jambo la haraka: apewe mtu wa kumshika. Wakamteua binti wa kipaimara, mpole na mwenye bidii, amshike mkono tangu mwanzo wa mazoezi hadi mwisho. Ndilo suluhisho ambalo karibu kila mahali hufikiriwa kwanza, na mashuleni nalo ndilo, kwa hiyo nalisema kwa kirefu kidogo.

Halikufaa. Kushikwa kulimfanya avute, kuvuta kukamfanya binti akaze, na baada ya muda mfupi wote wawili walikuwa na machozi. Ila kulikuwa na kitu kingine kisichoonekana haraka. Kabla ya hapo kulikuwa na mvulana mmoja wa rika lake aliyezoea kusimama karibu naye na kumsukuma kidogo kwa bega wimbo unapoanza. Binti alipoingia kati, yule mvulana alihama mstari. Watoto wenzake wote wakaacha kumsemesha, wakamsemesha binti: “Dada, mwambie asogee.” Msaidizi aliyesimama muda wote ubavuni huwa ukuta, hata akiwa na moyo wa dhahabu. Nimeliona hilo darasani mara nyingi, na waliotafiti elimu jumuishi wameliandika pia.

Tulimwomba binti ahamie mlangoni. Kazi yake ikawa kukaa karibu na mlango wa pembeni, kuhakikisha geti la barabarani limefungwa, na mtoto akitoka kumfuata kwa umbali bila kumgusa, mpaka arudi mwenyewe. Yule mvulana akarudi mahali pake bila kuambiwa na mtu.

Kazi

Mpango wetu ulikuwa na mambo mengi madogo, nayapitia haraka. Mama alinunua vikinga masikio vya mafundi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, vile wanavyovaa wanaokata mawe kwa mashine, na mtoto alivizoea nyumbani kwanza. Nilichora ratiba ya ibada kwa picha kwenye kadibodi moja, kila tendo na picha yake na kibanio cha nguo cha kusogeza chini tendo linapomalizika. Hakusimama kwenye foleni ya maandamano, alisubiri ndani. Fundi mitambo alipunguza sauti na kujaribu vipaza sauti vyote kabla watoto hawajafika.

Lililozungumzwa sana lilikuwa swali la mama. Baada ya kusikiliza mipango yote hii aliuliza: “Sasa atakuwa anafanya nini?” Alikuwa sahihi. Tulikuwa tumepanga jinsi mtoto atakavyovumilia ibada, na hatukuwa tumempa sehemu katika ibada. Mtoto wa kila mzazi pale alikuwa na mstari wa kukariri, sehemu katika ngonjera au kapu la sadaka. Wake alikuwa na vikinga masikio na mlango wa kutokea.

Ilipendekezwa asimame mbele na bango lenye maneno ya kumtukuza Mungu. Nilikataa, na mama akakataa kwa nguvu zaidi. Bango lile lingeweza kushikwa na yeyote au kuegemezwa ukutani, na watu wangetazama mtoto wakasikitika. Ndipo nikakumbuka namba.

Makanisa yetu yana ule ubao wa mbao wenye mifereji, ambapo vibao vya namba huchomekwa kuonyesha nyimbo za siku. Mwinjilisti ndiye huupanga kabla ya ibada. Tukaomba siku ya Mikaeli apange mtoto, mbele ya watu, wimbo mmoja baada ya mwingine kadiri ibada inavyoendelea. Mwinjilisti alisitasita, kisha akamwita kwenye chumba cha vestri wajaribu. Alimpa kikaratasi chenye orodha ya namba za nyimbo. Mtoto alikitazama, akapanga vibao mezani kwa makundi, zote za 1 pamoja, zote za 2 pamoja, akagundua 7 moja haipo na akasimama kuitafuta hadi ikapatikana nyuma ya kabati. Mwinjilisti aliniambia alikuwa ameihangaikia 7 hiyo tangu Pasaka na alikuwa akiziba pengo lake kwa kutumia 1 iliyochorwa kwa chokaa.

Kazi hii ilihitajika kweli. Bila namba ubaoni, watu wasingejua waimbe nini. Ilikuwa na mwanzo na mwisho, ilifanyika kimya, na aliifanya vizuri kuliko watoto wengine wote 60. Kwa wimbo wa kwaya alisimama ncha ya mstari, upande wa mlango, yule mvulana akiwa kando yake, na ilikubaliwa kwamba akiimba ameimba, asipoimba amesimama na wenzake.

Vigelegele

Hapa ndipo palipokuwa na upinzani wa kweli, na ulitoka kwa umoja wa wanawake. Mikaeli bila vigelegele? Mmoja wao aliniambia, akiwa na uchungu, kwamba mwanamke asiyejua kusoma ana njia mbili tu za kutoa sauti yake kanisani, kuimba na kupiga kigelegele, na mimi nimekuja kumnyang’anya moja. Nililichukua kwa uzito. Sikuwa tayari kuwanyamazisha akina mama ili kumsikia mtoto mmoja, na hata mama yake hakutaka hivyo.

Suluhisho lilitoka kwa bibi. Vigelegele vipigwe, ila kwa wakati unaojulikana: wimbo wa watoto ukiisha, mwalimu wao anainua kitenge cha kijani, na hapo akina mama waachie kadiri ya uwezo wao. Kabla ya kitenge, wapunge leso. Kutunza watoto kufanyike nje baada ya ibada, wakati wa mnada wa mazao. Mchungaji alitangaza utaratibu huo Jumapili mbili mfululizo, na alisema tu kwamba ni kwa ajili ya watoto. Tukaongeza picha ya kitenge kwenye ile ratiba ya kadibodi, na mazoezini watoto wenyewe walipiga vigelegele kwa ishara hiyo, tena na tena, naye akicheka na kuvaa vikinga masikio kabla kitenge hakijafika juu.

Siku yenyewe

Alipanga namba za nyimbo zote. Wakati wa ngonjera alitoka nje, akakaa chini ya mwembe na binti kwa mbali, akarudi wakati wa sadaka. Katika wimbo wa kwaya hakuimba. Aliyumba kwa mapigo, macho kwenye kinanda. Kigelegele kimoja kilichoponyoka kabla ya wakati kilimfanya ajikunyate, yule mvulana akamsukuma kwa bega, akabaki mahali pake.

Jambo moja halikuwa kwenye mpango. Kabla ya wimbo wa mwisho mpiga kinanda aliamua kubadili wimbo na kumnong’oneza mwinjilisti, naye akamwendea mtoto amwambie abadili namba. Mtoto alitazama kikaratasi chake, akatazama ubao, akatikisa kichwa. Mwinjilisti akasogeza mkono kuchomoa vibao, mtoto akasimama mbele ya ubao. Kanisa zima likawa linatazama. Mchungaji, akiwa madhabahuni, akasema: “Tuimbe ulio ubaoni.” Wakauimba.

Malalamiko ya wazazi wengine niliyoyaandaa majibu hayakuja. Alikuja babu mmoja kumshukuru fundi mitambo kwa spika, akisema ni mara ya kwanza kwa miaka mingi ametoka Mikaeli bila kuumwa kichwa. Utaratibu wa sauti umebaki hivyo hadi leo. Mama amerudi ibada ya pili, na kazi ya ubao imekuwa ya mtoto kila Jumapili.

Kilicho mbele

Sasa linakuja la kipaimara. Rika lake linaandikishwa darasani, na darasa hilo husimama juu ya Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529: Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, kila sehemu ikifuatwa na swali “Maana yake nini?” Baba Yetu anaijua yote bila kukosea, kwa mtoto wa kurudia maneno hilo si gumu. Lakini ukimuuliza “Maana yake nini?” atakujibu “Maana yake nini?” Mwalimu wa kipaimara amependekeza afundishwe peke yake, alasiri. Mama anataka akae darasa moja na wenzake. Mimi niko upande wa mama: akae nao, swali la maana alijibu kwa kuchagua picha, na yule mvulana wa bega awe jirani yake kwenye benchi. Ikiwa “usiibe” ataionyesha kwa kurudisha kitu cha mwenzake kwenye begi la huyo mwenzake, sioni kilichopungua katika jibu hilo. Mchungaji ameomba tukae wote, mama akiwemo, kabla uandikishaji haujafungwa.